Mnada wa Boga, Ruwi

Ijumaa kwetu ndiyo Jumapili. Tumeshazoea.
Hata Padre Lancy, wa Mangalore, akisema "Dominika hii"
hukohoa kidogo, akaendelea.

Tunayo saa moja na robo.
Wafilipino wametoka, ubani wao bado haujatua,
na Wamalayali wako mlangoni na watoto wao, wanatazama saa.
Katikati hapo ndipo penye nafasi ya Kiswahili,
mwezi mara moja.

Leo ni mavuno. Nani amelima?
Nje ni nyuzi arobaini na nne,
milima imeikalia Ruwi kama mafiga yaliyosahauliwa motoni.
Lakini hatukufundishwa kwenda altareni mikono mitupu:
trei ya mayai, bei haijabanduliwa,
mchele kilo tano, ndizi za Salala, sabuni ya unga.
Deusdedit, mchomea vyuma wa Barka,
kaja na kiti alichokiunda mwenyewe, mguu mmoja mfupi.

Na boga.

La Zipora. Zipora mwenyewe hayupo.
Ijumaa yake imehamishwa, kuna wageni wa harusi;
wiki ijayo, aliambiwa, wiki ijayo,
na hii ni wiki ya kumi na moja.
Boga limekuja kwa teksi, limefungwa mkanda kiti cha mbele.
Dereva, Gulzar, alilikabidhi getini kwa mikono miwili,
akakataa nauli, akaomba maji.

Lilimea Mabela, nyuma ya jiko,
pale kiyoyozi kinapodondosha maji mchana kutwa.
Tone. Tone.
Mbegu zilitoka Taveta, mama yake alizishona
ndani ya pindo la kanga, forodha hawakuziona.
Bi Zuweina, mama wa mwenye nyumba,
mzaliwa wa Unguja, ambaye akikasirika
Kiarabu humtoroka akabaki na Kimkunazini,
ndiye aliyekataza mche using'olewe.
"Ukipenda boga, penda na ua lake," alisema.
"Haya, lipelekeni. Ila majani niachieni,
nitayaunga na nazi."

Ua.
Nimelitafuna neno hilo wakati wa mahubiri
(Mungu anisamehe, mahubiri sikuyasikia).
Ua la njano, linalofunguka alfajiri
na saa nne limeshasinyaa?
Au ua hili, lenye ukuta, na geti, na mlinzi,
ambalo tukilivuka kurudi barabarani
rozari hurudi mfukoni na wimbo hurudi kifuani,
usitoke hadi mwezi mwingine?

Mimi ni fundi lifti. Siku ya mavuno ni dalali.
Nilipanda kiti cha Deusdedit, kikanitikisa.
"Boga! Riyali moja, la kuanzia!"
Moja na nusu. Mbili. Kizza wa kiwanda cha saruji: tatu!
Akalipa, akalirudisha mezani.
"Uza tena."
Nikauza tena. Mama Filomena, nne. Akarudisha.
Mmalayali mmoja aliyekuwa akingojea misa yake
akauliza tunagombania nini, akaelezwa,
akatoa tano, naye akarudisha,
ingawa mkewe alikuwa ameshalikumbatia.

Mara saba. Hakuna aliyekubali kulibeba.
Katibu akahesabu, akalamba kidole, akahesabu upya:
riyali thelathini na moja na baisa mia mbili.
Safu ya "matumizi" aliiacha wazi.
Tikiti ya Nairobi ni themanini,
na hilo pia hakuna aliyelisema.

Muda ukaisha. Tukafuta meza, tukaokota maganda.
Boga likabaki kwenye benchi la sauti ya pili,
pale pa Zipora, kando ya kitabu cha nyimbo
ambacho ukurasa wake ameukunja mwenyewe.

Padre Lancy alipopita aliliwekea mkono juu
kama anavyowawekea watoto ambao bado hawajakomunika,
akakaa nao hapo kitambo.
Sijui kama alikuwa analibariki
au anapima kama limeiva.